Maisha Mepesi na Haki za Watu wa Nyumbani

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twataka katika ukurasa huu tulitazame swali lililoletwa katika darsa yetu na ndugu mmoja, mtu wa pwani, ambaye riziki yake imempeleka bara, na sasa amefanya maskani yake Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret. Swali lenyewe ni fupi, lakini limetushughulisha kwa wiki kadhaa, na tumeona kwamba si la mtu mmoja, bali ni la nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga.

Ndugu huyo asema ameamua kuiweka nyumba yake katika maisha mepesi: chakula cha kadiri, mavazi ya kadiri, deni asiliguse, na jioni akae na watoto wake badala ya kuitumikia simu. Lakini binti yake amefikia kuolewa, na jamaa zake wa pwani wataka harusi ya siku nyingi, yenye ukumbi na sare na pilau ya mtaa mzima. Na njia ya pekee ya kuzipata fedha za harusi hiyo ni kuiuza robo eka yake ya Kiplombe. Yeye hataki kuiuza. Mkewe naye amemwambia: "Huo si wepesi wa maisha, huo ni ubahili uliovishwa kilemba." Basi auliza, ni nani kati yao aliye katika haki?

Sisi hatutaki kutoa hukumu baina ya mtu na mkewe kwa kusikia upande mmoja, maana kadhi asikilizaye upande mmoja huwa amekwisha kudhulumu kabla hajafungua kinywa. Lakini nyuma ya ugomvi wao liko swali ambalo kila mmoja wetu aweza kulitazama, nalo ni hili: Je, maisha mepesi ni jambo jema kwa nafsi yake? Na yakiwa ni jambo jema, je, mtu ana haki ya kuwachagulia watu wake wa nyumbani?

Wasomaji wetu wengi hawajafika huko, basi yafaa tueleze pahali penyewe, kwa kuwa napo pana sehemu yake katika swali hili. Kiplombe ni wadi katika jimbo la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Mtu akitoka Mombasa kwenda Eldoret huenda mwendo wa kilomita kama 800, na akifika huwa amepanda mita 2,100 hivi juu ya bahari, katika nchi ya baridi, ya mahindi, ya ngano na ya ng'ombe wa maziwa. Mji ule ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba nambari 64, ndiyo sababu wenyeji wakauita Sisibo. Reli iliufikia mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Na kila mji ukikua, mashamba yaliyo pembezoni mwake hukatwa yakawa viwanja, na yule aliyeuza kiwanja chake mwaka huu hukiona mwaka ujao kina bei nyingine.

Hapo ndipo jaribu lilipo. Mtu mwenye robo eka aweza kupanda sukumawiki na maharagwe, akafuga kuku na ng'ombe mmoja wa bandani, na watoto wake wakanywa maziwa yasiyo ya kununua. Pia aweza kuiuza asubuhi moja, na fedha zake zikaliwa kwa msimu mmoja. Wala sisi wa pwani tusidhani kwamba jaribu hili ni la bara peke yake. Ni nyumba ngapi za urithi katika miji yetu zilizotoka mikononi mwa wenyewe, na ukiuliza sababu ukaambiwa ni deni la arusi au la matanga? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa Mombasa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliyakemea matumizi ya arusi na ya mazishi yaliyokuwa yakiwafilisi watu. Na zama zile vyama vya lelemama vya mji huo vilishindana kwa karamu na mavazi, kila kimoja kikitaka kukipita chenzake. Basi ugonjwa ni wa zamani. Lililo jipya ni dawa inayotajwa leo, yaani kwamba watu waishi maisha mepesi. Na dawa nayo yataka kupimwa kabla ya kunywewa.

Tuanze kwa kupambanua, maana maneno yakichanganyika, na hukumu huchanganyika. Zichukue nyumba tatu zilizo katika njia moja. Jioni watu wa nyumba zote tatu wala ugali na mboga za majani, wala hapana nyama. Katika nyumba ya kwanza hawali nyama kwa sababu hawana cha kuinunulia. Katika ya pili, baba anazo fedha, lakini amezifungia. Katika ya tatu wanazo, ila wamekaa wakashauriana, wakaona ni heri wale hivyo siku za kazi ili mtoto wao mkubwa asome, na ili baba asifanye kazi ya pili ya usiku akawa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mpita njia akichungulia dirishani ataona sahani zile zile tatu. Lakini ya kwanza ni ufukara, ya pili ni ubahili, na ya tatu tu ndiyo inayostahili kuitwa kinaa.

Katika mfano huu twajifunza jambo la kwanza: wepesi wa maisha haumo ndani ya sahani. Haupimwi kwa uchache wa vitu, kwani uchache waweza kuletwa na msiba au na choyo vile vile kama uletwavyo na hekima. Wapimwa kwa mambo mawili: kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kuchagua, na kwamba alichokiacha alikiacha kwa ajili ya kitu kilicho bora kuliko hicho. Mfano wake ni mtu aondoaye vyombo chumbani. Chumba kitupu si ibada. Lakini ukiondoa vyombo ili upate pa kutandika msala, au ili mgonjwa apate pa kulala, hapo utupu ule umekuwa na maana. Basi jawabu ya swali letu la kwanza ni kwamba maisha mepesi si jambo jema kwa nafsi yake. Wema wake watokana na kile kinachoingia mahali pa kile kilichotolewa.

Na katika jawabu hiyo latoka onyo, nalo latuhusu sisi tunaosema na kuandika. Mtu aliyeshiba hana ruhusa ya kumhubiria kinaa mtu mwenye njaa. Wa nyumba ya kwanza hahitaji mawaidha. Ana haki yake ya zaka katika mali za wenye mali, na asiyempa haki hiyo kisha akamsifia subira amemdhulumu mara mbili. Tukiyasifu maisha mepesi, basi maneno yetu na yawaelekee wale wenye kuweza kuchagua, wala yasiwe ni kisingizio cha kuwaacha masikini katika hali yao.

Sasa watokea mtu mwenye hoja akatwambia: "Kumbe basi ni starehe ya matajiri! Fukara hana la kuacha, na tajiri akiacha kidogo asifiwa." Hoja hii ina nguvu, na yatupasa tuikabili. Huko Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Henry David Thoreau, ambaye mwaka 1845 alijijengea kibanda karibu na ziwa la Walden akaishi humo muda wa miaka miwili na ziada kidogo, akitaka kujua mtu ahitaji vitu vichache kiasi gani, kisha mwaka 1854 akatoa kitabu ambacho hata leo chasomwa na wapenda maisha mepesi. Lakini ardhi ile ilikuwa ya rafiki yake Emerson, naye Thoreau hakuwa na mke wala mtoto. Hatulisemi hili kwa kumtukana, kwa maana alifikiri kwa bidii. Twasema tu kwamba mtu asiye na wa kumtegemea aweza kupunguza apendavyo, wala hapana mwingine atakayelala na njaa kwa sababu ya falsafa yake.

Tutazame mfano ulio karibu zaidi na Kiplombe. Huko Kaptagat, si mbali na Eldoret, iko kambi ya wakimbiaji ambamo Eliud Kipchoge amefanya mazoezi miaka mingi chini ya mwalimu wake Patrick Sang. Mtu huyu alipata dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena katika ile ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021. Alikimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Na tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna aliumaliza mwendo ule kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ijapokuwa mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi. Hapana atakayesema kwamba mtu huyo hana fedha. Lakini wengi walioitembelea kambi hiyo wameeleza kwamba wakimbiaji, yeye akiwa miongoni mwao, huosha vyoo kwa zamu, hufua nguo zao kwa mikono, na chakula chao ni ugali na mboga na maziwa.

Basi huyu ameijibu nusu ya hoja. Wepesi wake si starehe ya tajiri anayecheza ufukara. Ni chombo cha kazi. Ameondoa mengi ili moja lipate nafasi. Lakini nusu ya pili ya hoja yabaki, nayo ndiyo inayotuhusu: kambi si nyumba. Kila aliyemo kambini ameingia kwa hiari yake, analijua kusudi la pale, na akichoka aweza kutoka. Tena siku za mazoezi wakimbiaji hao hulala kambini, mbali na wake zao na watoto wao, na mwisho wa wiki ndipo warudipo kwao. Katika nyumba sivyo. Mtoto hakuandika jina lake kwamba ataka kuishi hivi au vile. Mke aliingia kwa mkataba wa ndoa, si kwa mkataba wa mazoezi. Basi baba anayeigeuza nyumba yake kuwa kambi, akatia kanuni na kupunguza matumizi bila ya kuuliza mtu, ameuchukua mfano mzuri akauweka pahali pasipokuwa pake.

Hapa twaingia katika swali la pili, la haki ya kuwachagulia wengine, na twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hatukuachwa gizani katika jambo hili. Wasomaji wetu wakijua kisa cha Salman Alfarisi na Abu Dardaa (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu wawili hao. Salman alipokwenda kumzuru ndugu yake alimkuta mkewe amevaa nguo chakavu zisizo za mke aliyetunzwa, na alipomwuliza sababu alimjibu kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Naye alikuwa ni mtu wa kufunga mchana na kusimama usiku. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku akamzuia asisimame mpaka lilipobaki fungu la mwisho la usiku, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wa nyumbani wana haki. Mtume alipopata habari alimsadikisha Salman.

Tuzingatie: Abu Dardaa hakuwa bahili wala mlevi wa dunia. Alikuwa ni mtu mwema, na zuhudi yake ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kwamba gharama ya zuhudi ile ililipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa, na dalili yake ilionekana katika nguo za mkewe kabla ya kuonekana kwake mwenyewe. Huu ndio mzani tuutakao. Ukitaka kujua kama wepesi wa nyumba ni wa haki, usimtazame aliyeuamuru. Mtazame yule anayeubeba. Na yule Hindu binti Utba alipolalamika kwa Mtume kwamba mumewe Abu Sufyani hampi cha kumtosha, aliruhusiwa achukue katika mali yake kadiri ya kumtosha yeye na mwanawe kwa desturi iliyo njema. Haki ya matumizi, basi, si hisani ya baba. Ni deni juu yake. Mtu hawezi kulipunguza deni lake mwenyewe kisha akajisifu kwamba ameishi kwa kinaa.

Hata katika dola jambo hili limejaribiwa. Mwalimu Nyerere wa Tanzania, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliwawekea viongozi miiko: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wala nyumba za kupangisha. Kusudi lilikuwa jema, na mwenyewe aliishi kwa kadiri. Lakini mwaka 1991 miiko hiyo ililegezwa Zanzibar, na waliokuwa wameizuia mikono yao kwa kuogopa sheria wakaifungua. Kinaa iliyoamriwa kutoka juu haidumu kuliko yule aliyeiamuru. Na nyumba ni dola ndogo: baba akifa au akisafiri, watoto waliobanwa bila ya kuelezwa hutoka kama maji yaliyovunja ukingo.

Bado iko hoja ya tatu, nayo ni ya jamaa zetu wa pwani, ambao wasema: "Arusi si ya bwana na bibi peke yao. Ni siku ya ukoo. Mtu hula kwa wenzake miaka ishirini, kisha ikifika zamu yake atwambia yeye ni mtu wa maisha mepesi?" Sisi hatuidharau hoja hii. Ukarimu ni katika dini, na walima ni sunna, na watu wetu wasemapo mgeni njoo mwenyeji apone husema kweli. Mtu akiwaonea haya jamaa zake huwa ana moyo. Lakini tupambanue hapa pia baina ya karamu na fakhari. Karamu humtazama mgeni: je, amekula, amekaa vyema, ameondoka na furaha? Fakhari humtazama jirani: je, tumempita? Ya kwanza ina kikomo, maana tumbo hushiba. Ya pili haina kikomo, maana daima atapatikana mtu wa kupitwa. Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Zainabu alichinja mbuzi, na alipomwoa Bibi Safia safarini walima ulikuwa ni tende na maziwa makavu na samli, vilivyotandazwa mkekani watu wakala. Hapana aliyesema kwamba ndoa ya pili ilikuwa na heshima pungufu.

Na tukiwarudia wazee wetu, Ibn Battuta alipofika pwani hii mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja tu. Aliyoyaandika katika usiku ule ni kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na kuwa ni watu wa dini na wema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kilwa akamsifu sultani wake kwa ukarimu, na akaeleza jinsi alivyompa fakiri nguo alizokuwa amezivaa. Hivyo ndivyo jina la pwani lilivyoingia katika vitabu vya ulimwengu, kwa wema na kwa kutoa, si kwa ukumbi. Na Pate, uliokuwa mji wa majumba ya fahari, ulimfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi ili auonyeshe moyo wake magofu yaliyobaki. Wanaotaka kujua fakhari humfikisha mtu wapi, na wausome utenzi huo.

Sasa twaweza kumrudia ndugu yetu wa Kiplombe kwa nasaha, si kwa hukumu. Katika kulishika shamba lake twamwona yu katika sawa. Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao. Na ardhi ni mali inayozaa, ambayo kesho itakuwa ni ya huyo huyo binti na ndugu zake kwa mirathi. Kuiuza kwa ajili ya karamu ni kuwafanya warithi walipie chakula cha wageni. Lakini mkewe naye yu katika sawa kushuku, kwa sababu ubahili na kinaa hufanana kwa nje, na mzani wake ni mmoja: kile kisichotumika chaenda wapi? Kikibaki mfukoni mwa baba, neno la mke ni kweli. Kikienda kwa wale walioombwa wakiache, yaani binti akapata cha kuanzia maisha yake, na nyumba ikabaki bila ya deni, na walima ukafanywa kwa uso mkunjufu kadiri ya uwezo, hapo ndipo neno la baba litakuwa kweli. Na jambo moja limetushangaza katika maelezo yake yote: baba amesema, mama amesema, jamaa wa pwani wamesema, lakini binti mwenyewe hakutajwa hata mara moja kuwa ana neno. Arusi ni yake. Na aulizwe yeye kwanza. Pengine hakuna kati ya wale wanaogombana kwa ajili yake aijuaye haja yake.

Kabla hatujamaliza, tuseme machache juu ya ile sehemu ya pili ya nia yake, ya kukaa na watoto kwa moyo uliohudhuria, kwa maana twaiona kubwa kuliko habari ya fedha. Sote twajua katika Sala kwamba mwili waweza kusimama safuni na moyo uko dukani. Nyumbani pia ni vivyo hivyo. Baba aweza kuwa amekaa barazani tangu Magharibi mpaka Isha, na mtoto wake akawa yatima kwa muda huo wote, kwa sababu macho ya baba yako katika kioo cha simu. Vitu vichache havitamfaa mtoto huyo ikiwa baba aliyebaki naye si baba, ni kivuli. Mtu aweza kuiuza televisheni na makochi, akalala juu ya mkeka, na bado moyo wake ukawa umejaa vitu.

Na simu ina hatari nyingine. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha zimekuwa nyepesi kutumwa, na hilo lina heri nyingi kwa mzee aliyeko Lamu na mwanawe aliyeko Eldoret. Kisha tangu mwaka 2012 ikawa pia nyepesi kukopa kwa simu. Zamani mtu akitaka mkopo wa arusi alivaa kanzu akashika njia kwenda kwa mwenye fedha, na njiani haya ilikuwa ikienda naye. Mara nyingi ilimrudisha kabla hajabisha hodi. Leo haya haina njia ya kupita. Mtu hukopa usiku, amelala kitandani, mkewe ubavuni mwake hana habari, na kulikopucha deni linadai ada na ziada juu yake. Hatuhitaji kuwakumbusha wasomaji wetu hukumu ya riba. Twataka tu waone kwamba siri hiyo ndiyo iharibuyo nyumba kabla deni lenyewe halijaiharibu.

Basi twatoa mambo manne kwa kila nyumba itakayo kujaribu. La kwanza, hesabu ya nyumba iwe wazi baina ya mume na mke, na watoto waliobaleghe waelezwe kiasi chao. Pasipo shauri hapana kinaa. La pili, anayetaka kupunguza na aanze kwa starehe yake mwenyewe, mirungi yake au sigara zake au mkahawa wake, kabla hajafikia vitabu vya watoto au nguo za mkewe. La tatu, kila matumizi yaulizwe kama ni haja, au ni pambo, au ni fakhari: haja itimizwe, pambo lipewe kadiri yake, kwani uzuri nao ni neema, na fakhari iachwe. La nne, baina ya Magharibi na Isha simu ziwekwe pahali pamoja, na watu wa nyumba waangaliane nyuso zao, wasome kidogo, wacheke kidogo, na mdogo aulizwe habari za mchana wake mpaka amalize kusimulia.

Haya si mengi, wala hayahitaji mtu ahamie bara wala arudi pwani. Mwenye kuyafanya huenda akawa na vitu vichache, au huenda akawa na vingi. Lakini atajua kila kimoja kimeingia kwake kwa nini, na nani amekilipia. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu na choyo pamoja, atujaalie kuwa ni wenye kwenda kwa uwastani, na azifanye nyumba zetu ziwe pahali pa utulivu kwa kila aliyemo ndani yake, mkubwa na mdogo. Yeye ndiye Mwenye kuafikisha.